Jumamosi ni zamu ya Lessons in Chemistry

Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi saa kumi tunakutana, kwa hiyo aliyekwama kurasa za mwanzo ajikaze. Mwanzo unajivuta kidogo, nakiri.

Riwaya hii ya Bonnie Garmus ilitoka 2022, ila mambo yake ni ya Kalifornia miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Elizabeth Zott ni mkemia. Bosi anauchukua utafiti wake na kuuchapisha kwa jina lake yeye bosi. Zott akishika mimba bila ndoa, kazi hana. Anaishia kufundisha mapishi kwenye televisheni, na huko nako chumvi anaiita kloridi ya sodiamu! Mimi nilirudia mara mbili pale anaposhika nyundo kubomoa jiko la nyumbani ili aligeuze maabara.

Na msije mkasema mwandishi katia chumvi. Pale King's College London, Picha 51, picha ya eksirei ya DNA (molekuli inayobeba urithi), ilipigwa 1952 chini ya usimamizi wa mwanasayansi Rosalind Franklin. Mwaka uliofuata James Watson, aliyekuwa akitafuta umbo la DNA, akaonyeshwa picha hiyo bila Franklin kujua. Nobeli ya 1962 kwa ugunduzi wa umbo hilo walipewa wanaume watatu, Watson akiwemo. Franklin alishafariki 1958. (Marehemu hapewi, najua, msianze kunibishia.)

Kila mtu aje na ukurasa mmoja uliomuudhi, tuusome kwa sauti. Wanaotaka kumjadili mbwa wa Zott tu, nawapa dakika kumi. Kahawa ipo, ya birika la kawaida, si ya vyupa vya maabara kama ya Zott.