Umechomoa diski moja, ya pili imegoma kuwaka

Wiki iliyopita kijana mmoja alishuka kwenye bajaji hapa Mwanjelwa amepakata sipiyu iliyofungwa kwa kanga ya mama yake. "Fundi, SSD mpya imekufa." Haikuwa imekufa. Mashine ilikuwa na diski mbili, ya zamani yenye Ubuntu na SSD yenye Debian, zote mbili ni mifumo ya Linux. Alichomoa ile ya zamani ampelekee mdogo wake Tukuyu, na kuanzia hapo kioo kikawa cheusi, kinamwambia tu hakuna diski ya kuwashia.

Kesi hii tunaipata sana, hasa kwa wanafunzi. Mtu anapoweka Linux ya pili huchagua vizuri diski ya kuweka mfumo, ila haangalii GRUB inakaa wapi. GRUB ndiyo ile menyu inayokuuliza uingie mfumo gani. Kama diski ya kwanza tayari ina patisheni ya EFI, yaani kile kipande kidogo cha diski kinachotunza faili za kuwashia mashine, mara nyingi menyu mpya nayo inaingia humo humo. Nyumba mbili, ufunguo uko kwa jirani, na jirani kahamia Tukuyu.

Hatukufomati kitu. Tuliwasha kwa flashi, tukaipunguza kidogo patisheni ya Debian, tukatengeneza EFI ya megabaiti 512 kwenye SSD na kusimika GRUB humo. Kisha tukarekebisha faili la /etc/fstab, orodha ya patisheni ambazo mfumo huzifungua unapowaka, ambalo bado lilikuwa linaitafuta EFI ya diski iliyoondoka. Hapa ndipo wengi wanaojaribu wenyewe hukwama: menyu inarudi, wanashangilia, halafu mfumo unasubiri ile diski dakika moja na nusu na kuwatupa kwenye hali ya dharura.

Kama unabaki na diski zote mbili, ushauri wangu ni kila moja iwe na GRUB yake, kisha mfumo mmoja tu ndio uwe mwenye menyu. Huo unautanguliza kwenye mpangilio wa BIOS, ule unaoufungua kabla mfumo haujawaka, au ukiwa ndani ya Linux kwa amri ya efibootmgr. Siku diski moja ikifa, nyingine inajiwakia yenyewe.

"Mbona mfumo wa pili hauonekani kwenye menyu?" Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti tena mifumo mingine bila kuambiwa. Watengenezaji wake waliizima kazi hiyo kwa sababu za usalama. Kwenye ule mfumo wenye menyu, fungua /etc/default/grub, andika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha piga sudo update-grub. Hakikisha os-prober, programu inayoitafutia GRUB mifumo mingine, imesakinishwa.

Kuna jambo moja linawachanganya hata mafundi. Mfumo wa pili ukipata keneli mpya, yaani kiini cha mfumo, menyu ya mfumo wa kwanza haina habari. Itaendelea kukuwashia keneli ya zamani, na ile ya zamani ikifutwa, unapata kosa. Kwa hiyo kila ukisasisha mfumo wa pili, rudi kwenye ule wenye menyu upige update-grub tena. Inachosha kidogo, ndiyo, lakini haimalizi hata dakika.

Kazi ya menyu peke yake kwa kawaida tunaimaliza ukiwa umekaa unasubiri. Njoo na diski zote mbili, hata ile uliyoichomoa. Na tafadhali usiwe umeshafomati, maana hapo kazi inageuka kuwa ya kutafuta picha za harusi.