Si kila mara "mtandao uko chini"

Mhariri,

Juni ikifika, wauza vifaa vya ofisi hapa Dodoma wanajua kinachofuata: LPO, yaani hati za kuagizia bidhaa, zinakimbizana na kufungwa kwa mwaka wa fedha tarehe 30. Ndipo pia msambazaji anapoambiwa, "Njoo kesho, mtandao uko chini." Mara nyingi mtandao ni mzima. Kilichokwama ni mfumo wa manunuzi kushindwa kuiuliza saraka, yaani seva inayotunza majina na nywila za wafanyakazi, huyu anayetaka kuidhinisha ni nani.

Mfumo huingia kwenye saraka kwa akaunti yake. Tatizo ni kwamba akaunti hiyo hufunguliwa kama ya mfanyakazi yeyote, na Active Directory, saraka ya Microsoft, ikiachwa na mipangilio ya kiwandani, nywila hufikia ukomo baada ya siku 42. Siku hiyo haingii karani wala mkurugenzi. Akaunti ya mfumo iwekewe kanuni yake: nywila ndefu isiyojifia yenyewe, ruhusa ya kusoma tu, na tarehe ya kuibadilisha ijulikane na watu wawili. Ikibadilishwa kwenye saraka, ibadilishwe na kwenye mfumo saa hiyohiyo, la sivyo mfumo utabisha hodi na nywila ya zamani mpaka akaunti ifungwe.

Saa nayo inadharauliwa mno. Umeme ukikatika, seva kuukuu yenye betri iliyokufa kwenye bodi mama huwaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita. Kerberos, utaratibu wa saraka wa kuthibitisha anayeingia, kwa kawaida haivumilii tofauti ya saa inayozidi dakika 5. Vyeti vya usalama, yaani vitambulisho vya kidijitali vya seva, navyo huonekana kana kwamba muda wake haujaanza. Kibetri hicho hubadilishwa kwa bisibisi na dakika chache. Kisha seva zote zichukue saa kutoka chanzo kimoja.

Cheti kikiisha, wapo mafundi wanaohamisha mawasiliano kutoka mlango 636 wa saraka, ambao husimba yaani huficha yanayopita, kwenda 389 bila usimbaji. Kweli watu wataingia, ila nywila zao zitapita uchi kwenye waya. Wengine huandika anwani ya namba badala ya jina la seva, halafu wanashangaa cheti kukataliwa. Cheti kimetolewa kwa jina, si kwa namba.

Saraka ziwe mbili, na zote ziandikwe kwenye mfumo, kila moja ikipewa kama sekunde 5 za kusubiriwa. Jumamosi moja kabla ya Juni, izimeni ya kwanza, kisha aingie mwidhinishaji halisi. Msijaribu kwa akaunti ya msimamizi: hiyo aghalabu imo ndani ya mfumo wenyewe, itaingia hata saraka zote zikiwa zimekufa, nanyi mtarudi nyumbani mkidhani mambo ni shwari.

Akaunti hiyo ya ndani ibaki ya dharura, nywila yake kwenye bahasha iliyofungwa kwa mhasibu mkuu. Ikizoeleka mezani, aliyeomba karatasi ndiye atakayeziidhinisha.

Fundi wa TEHAMA,
Dodoma