Fundi ni mtoto wa jirani, marumaru zimefumuka: nimrudishie kazi?

Ndugu Mshauri,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Kange, Tanga, pamoja na mama yangu mzazi ambaye siku hizi anatembea kwa mkongojo. Nilipolipwa kiinua mgongo nilijiwekea nadhiri moja: ile sakafu ya saruji iliyokuwa ikitoa vumbi kila nikifagia, niiwekee marumaru kabla pesa haijaishia kwenye mambo ya watu. Nimeiwekea. Sasa usiku silali.

Fundi ni mtoto wa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mama yake tumo kikoba kimoja, mimi katibu, yeye mweka hazina. Tunazikana. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyenipikia siku zote za eda. Kijana mwenyewe nilimfundisha darasa la tatu, na ufundi kaupata kwa kumbebea ndoo fundi mmoja mzee, chuo hajapita. Tulipatana shilingi 9,000 kwa mita ya mraba, sebule na varanda jumla mita 48. Nikatanguliza 300,000, na zile 132,000 zilizobaki nikampa kabla hajamaliza kwa sababu alisema mtoto anaumwa. Hatukuandikishana. Ningeanzaje kumwandikisha mtu niliyemshikisha kalamu?

Dukani nilichagua zile za sentimita 60 kwa 60, zinazong'aa. Boksi moja lina vipande vinne, yaani mita 1.44. Kijana akapiga hesabu, akasema maboksi 34. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, na hapo ndipo kosa lilipo, kwani 34 yanatoa mita 48.96 na hakuna fundi anayekata marumaru kwenye kona na milango bila kupoteza vipande. Mimi na uzee wangu wa ualimu nilinyamaza. Zikapungua, nikafuata maboksi matatu mengine. Duka lile lile, jina lile lile, picha ile ile. Zilipowekwa karibu na mlango ndipo tukaona: za mwanzo ni maziwa, hizi ni maziwa yaliyodondokewa chai. Muuzaji akanionyesha namba zilizopigwa ubavuni mwa boksi, kwamba kila toleo la kiwanda lina namba yake na rangi inaweza kupishana, na mnunuzi anatakiwa aangalie kabla. Alinieleza hayo pesa ikiwa tayari mfukoni mwake.

Hilo ningelivumilia. Ningeweka zulia mlangoni, yakaisha.

Miezi mitano baadaye, mchana wa jua kali, nikasikia mlio kama transfoma imelipuka. Mama akapiga "Innalillahi" kutoka chumbani. Nakwenda sebuleni, marumaru mbili katikati zimeinuka na kuegemeana kama paa la kibanda. Kesho yake ikafuata ya tatu. Nikigonga sakafu kwa funguo, upande mmoja unalia kama debe tupu.

Nikamwita fundi mwingine, mtu mzima, niliyeelekezwa na mwalimu mwenzangu. Si msemaji. Alipita na mpini wa mwiko akigonga kipande kimoja kimoja, kinacholia utupu anakitia alama ya chaki, na alipomaliza sebule yangu ilikuwa kama ubao wa darasa la kwanza. Kisha akang'oa kimoja, akanigeuzia mgongo wake. Msafi, kama umetoka kwenye boksi. Chini yake, sakafuni, madonge matano ya saruji: manne pembeni, moja katikati. Akasema marumaru za udongo za zamani hunywa maji, ndiyo maana wazee walizilowesha kwanza na kuzibandika kwa uji wa saruji, zikashika. Hizi zangu ni porselini, karibu hazinywi kabisa, saruji tupu haipati pa kung'ang'ania. Zinataka gundi yake ya mfuko, ipakwe kwa mwiko wenye meno ienee chini yote, pasibaki uwazi. Kijana alizilowesha. Nilimwona kwa macho yangu, tena kwenye beseni langu la kufulia, na nikamsifu kwamba ni fundi msafi.

Hapa sasa niseme la kwangu, maana ukinishauri bila kulijua utanishauri vibaya. Yule fundi mkubwa alisema kilichozinyanyua hasa ni kubanana. Jua likipiga zinatanuka, na kama hakuna nafasi kati yake wala pembeni mwa kuta, zinasukumana mpaka zinapata pa kwenda, na pa kwenda ni juu tu. Nani aliagiza zibanane? Ni mimi. Kijana alikuja na vile vimsalaba vya plastiki vya kuachia nafasi, nikamwambia avirudishe mfukoni, sitaki mistari, mistari inashika uchafu. Alisimama kidogo, akakuna kichwa, akasema, "Sawa, mwalimu." Fundi mwingine angenikatalia. Yeye angeanzaje?

Kijana nilipomwita alikuja siku hiyo hiyo, akachuchumaa pale palipofumuka, hakubisha neno. Anasema atarudia kazi yote bure, mimi ninunue gundi tu. Mfuko wa kilo 20 nimeambiwa unakwenda mita nne hadi tano, kwa hiyo ni mifuko kama 11, bado vipande vitakavyovunjika kwenye kung'oa. Ila gundi hiyo hajawahi kuitumia. Ameuliza uliza kwa wenzake juzi.

Fundi mkubwa anataka 12,000 kwa mita, na 5,000 juu yake kwa kung'oa na kukwangua saruji ya zamani. Kwa mita 48 hiyo ni 816,000, vifaa mbali. Anataka nusu mkononi kabla hajaanza, na nilipotaja karatasi alicheka: "Mama, mimi kazi yangu ndiyo karatasi." Pesa hiyo sina mpaka nikope kikoba. Na nikikopa kikoba, atakayenihesabia noti ni mama yake kijana, na lazima niseme mbele ya wanachama wote nakopa za nini.

Binti yangu aliyeko Dodoma haoni ugumu wowote. Anasema niende serikali ya mtaa, kijana aitwe, arudishe 432,000 zangu, nitafute fundi aliyesoma. Yeye yuko Dodoma, hapakani ukuta na mtu.

Ninachoomba kwako, na kwa mafundi wanaosoma safu hii, ni hiki. Mtu aliyekosea kwa kutojua, tena nusu ya kosa nikiwa nimelitia mimi, anapewa tena sakafu ile ile? Nimewaza nimlipe fundi mkubwa asimamie siku mbili tatu za mwanzo, kijana afanye kwa mikono yake, lakini sijui kama mafundi hukubaliana hivyo au nitakuwa nimeleta majogoo wawili kwenye tenga moja. Na zile zisizolia utupu, je, lazima zing'olewe nazo? Kuna aliyeniambia ukipitisha grinda ukaacha ufa mwembamba kuzunguka kuta, skatingi (ule ukanda wa chini ya ukuta) ikaufunika, zilizobaki zinapata kupumua. Ni kweli, au ni maneno ya kijiweni? Ikibidi nitafute mgeni kabisa, nikiuliza chuo cha ufundi cha VETA hapa Tanga wataweza kunielekeza kwa mtu? Na nikitaka kubakiza sehemu ya malipo mpaka miezi mitatu ipite, hilo naliandikaje bila kuonekana namwita mtu mwizi?

Usinijibu kwa kuchelewa. Pale katikati nimetandika mkeka, na mama kila akipita anauzunguka polepole na mkongojo wake, kama anayemkwepa kuku aliyeatamia. Jana aliniuliza, "Hivi vitaanguliwa lini?"

Mwalimu mstaafu,
Tanga