Mguu kifundo: siku ya kutoa hogo msituambie "amepona"

Mhariri, naomba kanafasi. Mwanangu alizaliwa na mguu kifundo, yaani nyayo zimepindia ndani, miguu yote miwili, akapigwa hogo (ile plasta ngumu ya kunyoosha) kila wiki mara 6, akakatwa ule mshipa wa juu ya kisigino, hogo la mwisho likakaa wiki 3, miguu ikatoka imenyooka mpaka nikalia. Nesi akasema hongera mama, amepona. Hilo neno ndo limeniponza.

Maana hapohapo tukapewa vile viatu vilivyoungwa na chuma, masaa 23 kwa siku miezi 3 ya kwanza, halafu akilala tu mpaka afike miaka 4 au 5. Sasa aliyepona unamfungia nini? Mama mkwe alikuwa anasema mnamfunga mtoto kama kuku wa mnadani, nikishapitiwa na usingizi anamvua taratibu. Simlaumu, hata mimi mwaka wa pili nilianza kuruka siku, malengelenge kisigino, nikidhani kiatu kinambana nalegeza mkanda, kumbe kulegea ndo kulikuwa kunamchubua, kisigino kinapanda kinashuka humo ndani usiku kucha.

Mguu haukurudi siku moja. Niliona kandambili ya kushoto inalika upande wa nje tu, nikasema michezo yake hiyo. Baadae akichuchumaa kisigino hakigusi chini, ndo nikashtuka. Kliniki wakasema umerudi, hogo tena wiki 3, na eti tumewahi, wengine wakubwa kidogo inabidi wahamishiwe mshipa wa mbele kwa operesheni.

Alafu kuna hili la hogo kuteleza, hili hatuambiwi vizuri kabisa. Likishuka vidole vikawa vinazama ndani usidhani kama mimi kwamba ni mtoto tu kapungua, mguu unaweza kuharibika zaidi. Vidole vikivimba au kubadilika rangi ndo usingoje kabisa siku ya kliniki, loweka kwenye beseni la maji, likilainika fungua usiku huohuo, asubuhi uende.

Ombi langu kwa madaktari: semeni "umenyooka", sio "amepona", na siku hiyo muiteni na bibi yake kabisa aambiwe mbele ya wote. Wetu aliambiwa mara ya pili hii, siku hizi ananyang'anya kiatu mkononi kwangu, anasukuma kisigino kwa kidole mpaka kikae ndo anakaza mkanda.

Mama mzazi, Morogoro