Kwa mdogo wangu anayetaka kuja kufundisha Lubumbashi

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Umeniuliza kama Lubumbashi panamfaa mwalimu kijana wa Kitanzania, na mama naye anauliza kama kuna usalama.

Nianze na la mama. Anayoyasikia redioni ni ya kweli: Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Lakini kutoka huku hadi Goma ni zaidi ya kilomita 1,000. Mwambie tunalala, tunaamka, tunafundisha. Usimwambie tu kwamba vita havituhusu, maana mwenzangu wa hisabati ni mtu wa Bukavu, na kila jioni namkuta uani, simu sikioni, akiwatafuta ndugu zake.

Mji wenyewe ni mkubwa, wa pili hapa Kongo baada ya Kinshasa. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, wakauita Élisabethville. Jina la sasa lilikuja 1966. Hiyo shaba huwezi kuisahau, kwa sababu dohani ndefu ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, unaiona kutoka mbali, na pembeni yake mlima mweusi ambao ni mabaki ya kuyeyusha madini miaka nenda rudi. Kuhusu mpira, hapa ni TP Mazembe. Mlinzi wa shule yetu aliposikia natoka Tanzania alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili: "Samatta ni mutoto ya hapa!" Akanisimulia ubingwa wa Afrika wa 2015 hadi kengele ikalia.

Kiswahili kitakubeba sokoni, kanisani, kwenye teksi, na kwa majirani watakaokuita mle bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Shuleni mambo ni mengine. Vikao vya walimu, barua kwa wazazi, ripoti za alama, vyote ni Kifaransa. Mimi nafundisha Kiingereza, lakini bila Kifaransa ningekaa kwenye chumba cha walimu kama mgeni. Anza kukisoma sasa, na ukisome cha huku, ambako sabini ni septante na tisini ni nonante, kama kwa Wabelgiji.

Sasa nikueleze kilichonifanya nibaki. Tulikuwa na somo la kuelezea safari. Nikauliza kwa Kiingereza, kimya. Nikawaambia waongee kwanza wao kwa wao, kwa Kiswahili chao. Darasa likawaka. Binti mmoja wa dawati la nyuma, baba yake anaendesha kamio, yaani lori, la shaba, akaja mbele akachukua chaki na kuchora barabara: Kasumbalesa, Kapiri Mposhi, Nakonde, Tunduma, Mbeya, hadi bandari ya Dar es Salaam. Yeye mwenyewe hajawahi kuvuka mpaka. Lakini alijua baba yake analala wapi, foleni inakwama wapi, mji upi una chakula cha bei nafuu. Wengine wakamrekebisha, wakabishana, kumbe nusu ya darasa wana mjomba au kaka kwenye barabara hiyo. Tulipogeukia Kiingereza, sentensi zilikuja, nyingine mbovu, lakini zilikuja, kwa sababu sasa walikuwa na la kusema.

Wapo wenzangu wasiopenda Kiswahili kisikike darasani. Nawaelewa: mwisho wa sekondari watoto hawa wanangojwa na Exetat, na mtihani huo ni wa Kifaransa. Hata hivyo sikubaliani nao. Mtoto akikatazwa lugha anayofikiria kwayo ananyamaza, kisha tunaandika kwenye ripoti kwamba ni mzito. Ukija, nataka uwe upande wangu katika hili.

Mengine ni ya maandalizi. Mwaka wa shule unaanza Septemba, si Januari kama huko. Chanja homa ya manjano na kadi yake usiiache, mpakani wataiomba. Mwenye nyumba atataka garanti, yaani amana ya kodi ya miezi kadhaa, kwa dola. Noti yenye mchaniko hata mdogo haipokelewi, kwa hiyo zikague kabla hujatoka benki. Leta sweta pia, Juni na Julai usiku ni baridi.

Ongea na mama, kisha nijibu mapema, nianze kukuulizia chumba upande wa Kampemba.

Dada yako