Mmesahau miaka 22 ya Jaji Page

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu mabeki hodari wa futiboli ya Marekani nikafurahi kulikuta jina la Alan Page. Lakini mlimpa aya moja tu, nayo ikakomea 1971, mwaka aliotawazwa mchezaji bora wa NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo, wa kwanza miongoni mwa wachezaji wa ulinzi kupata heshima hiyo. Sisi tunaoishi Minneapolis tunamjua kwa mengi zaidi.

Uwanjani alikuwa moto wa kuotea mbali, hilo sibishi. Kazi yake katika timu ya Minnesota Vikings ilikuwa kupenya katikati ya majitu yaliyopangwa mbele yake na kumfikia mrusha mpira kabla hajautupa, naye alitegemea wepesi wa kuchomoka mpira ulipoanza tu. Alicheza mechi 218 za ligi mfululizo. Kidole chake kidogo kiliteguka mara nyingi hadi kikapinda kando kabisa. Tazama picha yoyote aliyoinua mkono, ndicho utakachokiona kwanza.

Mlichoacha ni kwamba akiwa bado mchezaji alikuwa akisomea sheria Chuo Kikuu cha Minnesota. Alihitimu 1978, na mwaka huohuo Vikings wakamwacha. Alikuwa ameanza kukimbia mbio ndefu, akapungua mwili, na kocha hakumtaka akiwa mwembamba hivyo. Chicago Bears wakamchukua kwa ada ya dola 100. Dola mia, mchezaji kama yule! Aliwachezea hadi 1981, na 1979 akamaliza marathoni, jambo ambalo hakuna mchezaji wa NFL aliyekuwa kazini aliyewahi kulifanya.

Mwaka 1992 wapiga kura wakamchagua kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Minnesota, mtu mweusi wa kwanza kuketi humo. Alistaafu 2015 alipotimiza umri wa miaka 70 uliowekwa na sheria. Futiboli ya kulipwa aliicheza misimu 15, hukumu aliziandika miaka 22. Ndiyo maana aya yenu iliniuma.

Naye mwenyewe ameonyesha anachokithamini. Alipoingizwa katika Jumba la Mashujaa wa futiboli 1988, huko Canton, Ohio, alikozaliwa, hotuba yake ilihusu elimu, na aliyemchagua amtambulishe ni mwalimu mkuu wa shule, mwanamke mweusi. Jumba hilohilo alikuwa amefanya kibarua cha kulijenga akiwa kijana. Mwaka huohuo wa 1988 yeye na mkewe, Diane, wakaanzisha wakfu wa kuwasomesha vijana. Anayefadhiliwa hujitolea kuwasaidia watoto wadogo katika masomo.

Binti yangu alisoma hapa katika shule iliyokuwa na jina la Alexander Ramsey, gavana aliyetaka Wadakota, wenyeji wa asili wa hapa, waangamizwe au wafukuzwe jimboni wakati wa vita vya 1862. Wanafunzi wenyewe walipigania jina libadilishwe, na tangu 2017 shule inaitwa kwa jina la Jaji Page. Siku aliyoleta nyumbani fulana yenye jina jipya aliniuliza, "Baba, huyu ni nani?" Nilimwambia ni jaji wa mahakama ya juu aliyestaafu. Habari za futiboli alizisikia baadaye, kutoka kwa kaka yake.

Msomaji wenu,
Minneapolis, Minnesota