Hizo nafasi tupu mnazopesti zimemkosesha ami yangu maziko

Mhariri,

Assalaam alaykum. Nnaomba pahala kwenye ukurasa wako wa barua. Jambo lenyewe ukilitizama ni dogo lakini limenikaa rohoni wiki ya tatu sasa na sijaona mtu akilisema.

Mie nna kijiduka cha kupiga chapa na fotokopi hapa Wete. Siku hizi kazi si kupiga chapa barua za skuli na mikataba tu, watu wanakuja uwatengenezee profaili, uwaandikie kapsheni za biashara, tangazo la harusi, tangazo la msiba la kurusha kwenye magrupu. Na vijana wana mtindo wao, wanataka maandishi yapumue, mstari mmoja juu halafu nafasi kubwa halafu mstari mwengine, au jina kwenye profaili lionekane tupu kabisa kama hapajaandikwa kitu. Ukibonyeza spesi ya kawaida peke yake kwenye jina inakataa, na Instagram miaka ya nyuma ukiacha mistari mitupu kwenye kapsheni ilikuwa inaibana yote pamoja, ndo watu wakagundua zile herufi zisizoonekana, unakopi mahali unapesti, basi. Zinakubali kwa sababu ni herufi kweli, hazionekani tu.

Sasa ami yangu haoni, presha ya macho ilimmaliza ukubwani. Simu yake inamsomea, anagusa ujumbe inatamka, na anaijua simu hiyo kuliko mie nilomnunulia. Siku hiyo asubuhi mvua inanyesha, likaingia tangazo kwenye grupu la mtaa, msiba wa mwenzake alosoma nae chuoni tangu wadogo, mkeka mmoja, juzuu moja. Aloliandika kalipamba, Inna lillahi juu, halafu mistari mitupu kama kumi hivi ya zile herufi, halafu jina, halafu mitupu tena, na chini kabisa ndo saa na pahala pa kuzika. Mwenye macho anaona tangazo limetulia lina heshima yake. Ami kasikia Inna lillahi, halafu simu ikaanza kutaja maneno ya Kiingereza, breli nini sijui, breli tena, breli tena, kila alama inaitaja jina lake zima na Kiingereza chenyewe hakijui, akaona ujumbe umeharibika au ndo hivyo virusi tunavyomtishia navyo kila siku, akaufunga. Kutwa hakutoka kwa mvua, na majirani kila mtu akidhani mwengine keshamwambia. Magharibi msikitini ndo anapewa mkono wa pole, mwenzake keshazikwa Mtambwe tangu alasiri.

Nilipokwenda kumtizama aliniuliza kitu kimoja tu, "Kwani pale kati waliandika nini?" Nikamwambia hakuna kitu ami, ni nafasi tupu tu. Akanijibu, "Hakuna kitu mbona kinasomwa?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi dukani nikalipekua lile tangazo herufi kwa herufi, na nilichokikuta ndo kilonifanya nikuandikie. Zile nafasi zote ni herufi moja, nambari yake 2800 kwenye Unicode. Kwa wasoijua, Unicode ni ule mpango ambao kila herufi ya kila lugha imepewa nambari yake ili simu ya Wete na kompyuta ya Japani zielewane, toleo la kwanza lilitoka 1991. Mwaka 1999 wakaingiza maandishi ya breli, yale ya nukta ambayo wasioona wanayasoma kwa vidole, yalobuniwa na Louis Braille wa Ufaransa ambae mwenyewe alipofuka utotoni. Alama za breli kwenye Unicode ziko 256, na ya kwanza kabisa, hiyo 2800, ni ile isokuwa na nukta hata moja. Kwa hio ukiitizama kwenye skrini huoni kitu.

Yaani tumechukua herufi ya wasioona, tukaifanya pambo kwa sababu sisi wenye macho hatuioni, na hilo pambo likamzuia mtu asieona kujua kwamba rafiki yake kafa. Wallahi hapo nilikaa kimya muda mrefu. Na sisemi kama mtu alo pembeni, hizo nafasi nami nimewapestia wateja wangu mara chungu nzima, nikachukua pesa.

Sizilaumu herufi zenyewe. Ile tupu ya nambari 3164, ambayo vijana wanaiweka majina kwenye magemu, ni ya maandishi ya Kikorea na huko ina kazi yake. Iko nyengine inaunga emoji, ile familia ya baba, mama na mtoto kwenye picha moja ni emoji tatu zilofungwa pamoja na herufi isoonekana. Na Waajemi wana ya kwao ya kuzuia herufi mbili zisishikane katikati ya neno. Hata sisi tunazihitaji, maana nani hapa haandiki dua kwa Kiarabu halafu akaendelea na Kiswahili mstari ule ule? Kiarabu kinatoka kulia, Kiswahili kinatoka kushoto, ukitia na tarehe au nambari ya simu katikati vitu vinahamahama, na ziko alama mbili zisoonekana za kuiambia simu hapa soma kulia, hapa soma kushoto. Zikikaa pahala pake ni neema. Nnachosema mimi ni kuzimwaga ovyo kwa ajili ya urembo.

Maana hasara haiko kwa wasioona tu. Chuo chetu cha Qur-ani hapa mtaani kina wazee 62 na wengi simu zao ni za vibonyezo, kwa hio mie ndo nnaowatumia SMS za mikutano na michango. Mwezi wa Shaabani niliandika ujumbe wa herufi 140, nikakopi sentensi moja kutoka kwenye grupu nikaitia ndani, nikatuma kwa wote. Bando langu lilikuwa SMS 200. Kuangalia zimebaki 14! Nikadhani kampuni imenidhulumu, nikapiga simu nikafoka bure. Kumbe SMS ya kawaida inabeba herufi 160, lakini ikiwemo herufi moja tu nje ya lile kundi dogo la kawaida, hata kama haionekani, simu inabadilisha namna ya kuandika ujumbe wote na inabeba 70 badala ya 160, na ukizidi hapo inakatwa vipande vya 67. Basi 140 inakuwa vipande vitatu, mara 62 ni 186. Kwa herufi moja niloikopi bila ya kujua. (Na hapa niwaambie na ile alama ya juu kwenye ng'ombe na ng'ambo, simu nyengine zinaipinda zenyewe, ile ilopinda nayo inafanya hivyo hivyo, ile ilonyooka haina shida.)

Nambari za simu nazo. Unakopi nambari kwenye majina ya simu au kwenye bayo ya mtu, unapesti kwenye sehemu ya kutuma pesa, inakwambia nambari si sahihi na wewe unaiona sahihi tarakimu zote. Mama mmoja alinijia anakaribia kulia, anamtumia mwanawe nauli ya boti Unguja na simu inakataa. Tulipoiandika kwa mkono ikapita mara moja, iliyokopiwa ilikuwa na alama zisoonekana mbele na nyuma.

Na wako wanaofanya makusudi. Mwaka 2018 ulizunguka ule ujumbe wa WhatsApp wa nukta nyeusi, ukiigusa simu inaganda, ndani yake zilifichwa alama za kulia na kushoto maelfu. Wako na wanaotukana watu kwenye komenti, mwenye ukurasa kalizuia tusi, wao wanachomeka herufi isoonekana katikati ya neno, kichujio hakilioni na mtu mwenye macho yake analisoma kamili. Na majina yao wenyewe matupu, hata pa kuwashika huna. Hayo ya makusudi yana watu wake wa kuyashughulikia, mie nnasema na sisi tusokuwa na nia mbaya.

Kwenye WhatsApp huhitaji pambo hilo kabisa, ukitaka kuacha mstari bonyeza kitufe cha kushuka mara mbili tatu inatosha, na simu ya asieona inapita kimya. Tangazo la msiba liandike jina, saa na pahala juu kabisa, dua zifuate, na uandike kwa mkono usikopi la zamani ukabadilisha jina, maana ndo herufi hizo zinavyorithiwa kutoka msiba hadi msiba. Ukilishuku andishi, peleka mshale mwishoni mwake ufute herufi moja moja, ukibonyeza kufuta na hukuona kitu kinachopungua, na hapo si pahala pa spesi wala pa kushuka mstari, jua umefuta isoonekana. Kulipesti kwenye notipedi hakusaidii, wengi wanadhani kunasafisha, zinahama nazo. Na jina la marehemu likiwa na hizo alama katikati, mtu akilitafuta kwenye grupu halimjii, jina liko mbele ya macho yake na simu inamwambia hakuna.

Ombi langu kwako Mhariri, na nyie gazetini mnapokea matangazo ya vifo kwa simu na mnayarusha kwenye kurasa zenu za mtandaoni, yapigeni chapa upya kabla ya kuyatoa. Na masheha na maadmini wa magrupu ya mitaa ya hapa Wete, Chake na Mkoani, akituma mtu tangazo lilopambwa hivyo mwambieni alitume tena. Mie dukani nshaacha, mteja akitaka nafasi tupu nnamwambia hapa haziuzwi, na tangazo la msiba nnalipiga bila malipo ilimradi nilipige mwenyewe.

Ami bado hajalifuta lile tangazo. Nilimpigia chapa lengine safi nikamtumia, akaligusa, akalisikiliza mpaka mwisho, jina, saa, Mtambwe, halafu akaligusa tena.

Mpiga chapa,
Wete, Pemba